Vibanio vya Kitanda cha Tatu

Katika karatasi yao imeandikwa kwamba Mwalimu alikufa kwa sababu mimi nilinyamaza. Chini ya maneno hayo kuna alama ya kidole gumba changu, nyeusi, imekaa vizuri kabisa. Sikatai kidole, ni changu. Nakataa maneno. Nataka kabla sijafa angalau mtu mmoja mwenye kalamu aandike kwamba nilisema. Mimi nasimulia, binti yangu anaandika, na nimemwonya asitie sukari.

Nilifanya kazi katika nyumba ya wazee miaka kumi na saba. Niliingia pale nikiwa mke aliyeachwa na watoto wawili, sina cheti hata cha darasa la kwanza, maana kwetu kaka yangu alipelekwa shule na mimi nikapelekwa jikoni. Siku ya kwanza nilipewa ndoo, tambara na aproni ya plastiki, nikaambiwa chumba cha wanawake ni changu. Vitanda sita, vitatu kila upande. Madirisha mawili yanayotazama uani, kwenye kamba za nguo. Asubuhi chumba kinanuka mkojo, saa tatu kinanuka sabuni, saa sita kinanuka dawa ya kuchua.

Kazi ilikuwa kuosha, kuvalisha, kulisha, kugeuza, kubadilisha mashuka. Watu wanadhani hiyo ni kazi ya mikono. Ni kazi ya macho. Ukimwosha mtu kila siku miaka nenda miaka rudi, unamjua kuliko wanawe. Unajua nani hushuka kitandani kwa mguu wa kushoto, nani huimba chooni, nani anakuapia amemeza kidonge kumbe amekificha shavuni kama tumbili.

Tatizo langu lilikuwa daftari la zamu. Kila mhudumu alitakiwa aandike kabla ya kuondoka nani amekula, nani amekunywa, nani ana nini. Mimi nikishika kalamu ni kama nimeshika nyoka kwa mkia. Siku ya nne nikaenda kwa sista mkuu wa wakati ule kuaga, nikijua nimeshindwa. Alikuwa mama mnene mwenye sauti ya kuamsha mtaa mzima, tulimwita Bi Mkubwa. Hakunicheka. Alitoka uani, akachomoa vibanio vya nguo kwenye kamba, akarudi navyo kiganjani.

"Haya. Aliyeacha chai, bana kimoja hapa kwenye chuma cha miguuni. Aliyeacha chai na chakula, viwili. Na yule ambaye akili yake ya leo siyo ya jana, vitatu, hata kama amekula sahani nzima akalamba na kijiko."

"Na kama hiyo akili hakuja nayo tangu mwanzo, Sista?"

"Wa hivyo nibane mimi, maana ndiye niliyempokea!" Akacheka mpaka kofia ikamwenda upande. "Wewe tazama kilichobadilika tu. Ambacho ni kawaida yake, mwachie mwenyewe."

Tangu siku hiyo Bi Mkubwa akiingia asubuhi alisoma vibanio kwanza, daftari baadaye. Wahudumu wengine, hata waliojua kuandika, wakaizoea hiyo njia kwa sababu ni ya haraka. Unaingia zamu, unatupa jicho kwenye vyuma sita, umeshajua uanzie wapi. Na chuma kitupu kilikuwa na maana yake: huyu mzima, ameshiba, mwache.

Bi Mkubwa ndiye aliyenifundisha kuhusu homa ya mafua. Kila mwaka baridi ikianza ilikuwa inaingia mjini, na ikiingia mjini haiachi kubisha kwetu. "Kijana ikimshika," alikuwa akisema, "utamjua. Anaungua, anatetemeka, anakohoa, anaita mama yake. Mzee hana kuni za kuwasha moto wa namna hiyo. Anaweza kuwa na ugonjwa uleule na paji la uso limepoa. Yeye ataacha chai. Ataanguka mahali ambapo hajawahi kuanguka. Atakuita jina la dada yake aliyekufa. Ukiona hivyo na mafua yako mjini, usikae unangoja joto. Daktari aitwe siku hiyohiyo. Dawa ya mafua ina nguvu siku mbili za mwanzo. Baadaye bado anapewa, lakini utakuwa unamkimbiza mwizi aliyeshapanda gari."

Msimu wake ulikuwa na sheria zake. Aliyebadilika anasogezwa kitanda cha dirishani, dirisha linafunguliwa hata wakinung'unika. Barakoa kwa anayehudumia. Mikono inaoshwa kati ya kitanda na kitanda, siyo mwisho wa safari. Anainuliwa kwa mito asilale chali. Maji kwa kijiko, kidogo kidogo, kila ukipita. Mgeni mwenye mafua anaongea na bibi yake kwa simu. Na mfanyakazi anayekohoa, hata akiwa sista mkuu mwenyewe, anabaki kwake. Mwaka mmoja Bi Mkubwa alijifungia nyumbani siku tano, akawa anapiga simu jikoni kutugombeza kutoka kitandani.

Mwalimu alikuja miaka minne kabla ya haya. Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mwembamba kama rula, mguu mmoja umevunjika ukaungwa vibaya. Mwanawe pekee ni fundi cherehani; alikuwa akimbeba mama yake mgongoni kumpeleka choo cha nje, mpaka mgongo ukamshinda, akamleta kwetu analia. Alipewa kitanda cha tatu, upande wa dirisha. Asubuhi yake ya kwanza Mwalimu alisahihisha kalenda ukutani, akasahihisha jinsi nilivyotandika shuka, kisha akaniuliza kwa nini kengele haijalia.

"Hapa hakuna kengele, bibi."

"Basi wewe ndiye kengele. Utakuwa kiranja."

Likanikaa hilo jina. Kiranja, fungua madirisha. Kiranja, huyu wa kitanda cha tano anaongea darasani. Alikunywa chai kikombe kimoja na nusu, siyo kimoja, siyo viwili. Ile nusu ya pili alikuwa anaipokea na kusema, "Hii ni ya marudio." Alitaka kunifundisha kusoma. Nikamwambia Mwalimu, mimi kichwa changu kimeshafungwa na ufunguo umepotea. Akasema ameshafungua vichwa vigumu kuliko changu, vingine sasa ni vya wakubwa serikalini, na havikufaidika sana. Tulifika herufi ya tano. Mimi ndiye niliyekuwa nakwepa, najifanya nina ndoo ya kumwaga.

Kisha Bi Mkubwa akastaafu, akaja Sista mpya.

Sisemi hajui kazi. Sindano yake huisikii, na kidonda akikifunga kinafungika. Lakini alikuwa mtu wa kuta. Alibandika karatasi kila mahali, nyingine juu ya nyingine. Karatasi ya mafua ilisema daktari aitwe mgonjwa akiwa na joto la thelathini na nane na kikohozi. Vyote viwili. Nilisomewa na mpishi. Nikamwambia mpishi, hiyo karatasi ni ya vijana. Mpishi akasema, "Mwambie mwenye ukuta." Chanjo ya mafua mwaka ule ilikuja kwa orodha ya wenye vyeti, sisi wa ndoo hatukuwemo, na wazee wakaambiwa yao iko njiani. Sijui ilipita njia gani.

Wiki yenyewe ilikuwa ya wageni. Wakubwa wa makao makuu walikuwa waje Alhamisi kukagua, na Sista alikuwa amepania. Jumatatu alikuja kazini anakohoa, macho mekundu, pua imevimba. Sisemi yeye ndiye aliyeleta mafua. Nasema alikuja anakohoa, akazunguka vitanda vyote sita akipanga mito.

Jumanne Mwalimu aliacha ile nusu ya marudio. Nikambania kibanio kimoja.

Jumatano asubuhi niliingia nikamkuta ameketi chini sakafuni, kando ya kitanda, mguu mzima umekunjwa chini yake, anatazama mlango. Hakuumia. Lakini Mwalimu alikuwa hashuki kitandani bila kuita. Nilipomwinua alinikazia macho.

"Umechelewa tena," akasema. "Kila siku wewe. Simama nje na mikono juu."

"Mwalimu, ni mimi, kiranja wako."

"Kiranja wangu ni yule mtoto wa muuza mkaa. Wewe sikujui. Nje!"

Kikombe kizima cha chai kilipoa. Uji aliusukuma. Nikabana vibanio vitatu, nikaenda ofisini bila hata kuvua aproni.

"Sista, kitanda cha tatu si mzima."

Sista alikuwa anapanga mafaili kwa rangi. "Ana nini?"

"Hajala. Amekaa chini. Hanijui."

Alikuja, lazima niseme alikuja. Alimlenga kile kipimajoto chake kwenye paji la uso, kikalia. Akanionyesha namba kana kwamba naijua. "Thelathini na sita na nukta nane. Hakohoi. Hana homa, mama. Huo ni uzee."

"Sista, uzee hauji usiku mmoja. Juzi alikuwa anasahihisha kalenda. Mafua yako mjini, na mafua ya wazee hayaji na joto kila mara. Aitwe daktari leo."

"Wewe umesomea wapi?"

Wahudumu wawili walikuwa pale na mashuka mikononi. Mmoja alicheka puani. Nikasema sijasoma, lakini nimemwosha huyu bibi miaka minne. Sista akasema basi kamalize kumwosha. Nikafungua kinywa tena. Akainua kidole, taratibu, kama mtu anayemnyamazisha mtoto mbele ya wageni, akasema, "Mama, nimekusikia."

Hilo neno nalikumbuka vizuri. Nimekusikia. Mbele ya watu wawili.

Saa nane mchana alipita akikagua chumba. Akaviona vibanio. Alikuwa ameviona miezi yote, lakini siku hiyo aliviona kwa macho ya wageni. Akaanza kuvichomoa kimoja kimoja, vitanda vyote, anavitia kwenye mfuko wa koti.

"Sista, hivyo ndivyo tunavyokabidhiana zamu."

"Hapa ni wodi, mama, siyo kamba ya nguo."

Wakacheka wote, hadi bibi wa kitanda cha tano. Toka hapo nikawa Mama Vibanio mpaka naondoka. Kisha akanituma varandani nikasugue sakafu, iwe imekauka kabla ya asubuhi. "Na kesho pumzika," akasema. "Sare mpya hazikutosha. Watakuja wenye sare."

Nilisugua ile varanda kwa hasira mpaka magoti yakachubuka. Zamu ilipoisha, mwenzangu wa jioni aliingia kwa mlango wa uani, mimi nikatoka kwa mlango wa mbele. Hatukuonana. Kwa kawaida ningepita chumbani, ningemshika mkono nimwambie, dada, mwangalie wa tatu. Siku hiyo sikupita. Nguo zilikuwa zimelowa, moyo umejaa, nikasema acha, si amenisikia. Nilitembea kwenda nyumbani nikijibizana na Sista barabara nzima, nikimshinda kila hoja.

Na mwenzangu, baadaye alinieleza huku analia, aliingia chumbani akatupa jicho kwenye vyuma sita kama alivyozoea. Vyote vitupu. Akasema moyoni, alhamdulillahi, leo wote wazima. Mwalimu alikuwa amefumba macho. Akamfunika vizuri, akapita. Hakumpa hata kijiko cha maji, kwa sababu huwezi kumwamsha mtu aliyekula na kunywa akalala. Angekuwa mgeni wa kazi angemgusa. Hakumgusa kwa sababu nilimfundisha mimi mwenyewe kwamba chuma kitupu ni mtu mzima.

Alhamisi wageni walikuja. Mpishi aliniambia walisifu harufu ya chumba. Mwalimu alivutiwa pazia, wakaambiwa bibi huyu anapenda kulala.

Ijumaa niliingia kabla ya saa yangu. Niliisikia kabla ya kumwona, ile pumzi yake, fupi fupi, kama mtu anayepanda ngazi zisizokwisha. Midomo ilikuwa ya rangi ya zambarau. Ulimi umekauka unakwaruza. Sikwenda ofisini safari hii. Nilisimama katikati ya chumba nikapiga kelele ambayo sijawahi kuipiga hata kwenye msiba wa mama yangu. Gari la wagonjwa likaja. Sista alikuwa kwake, kikohozi kimemlaza, kwa hiyo mimi ndiye niliyepanda.

Daktari wa hospitali alikuwa kijana mwenye usingizi machoni. Akamtia hewa puani, akamchoma, akachukua ute kwa kijiti, kisha akaniuliza imeanza lini.

"Jumanne. Aliacha nusu kikombe cha chai."

Sikuwahi kuona mtu aliyesoma akaandika neno langu kama lilivyo. Huyu aliandika. "Homa?"

"Hakuwa nayo. Ndiyo maana hawakuita daktari."

Akashusha kalamu. "Umri huu wengi hawana," akasema. "Mngemleta Jumatano, mama."

Mngemleta. Nilitaka kumwambia aondoe hiyo *m*, au aniondoe mimi ndani yake. Nikanyamaza, maana Mwalimu alikuwa ananitazama. Alikuwa anasema majina, moja baada ya jingine, kama anaita mahudhurio. Anataja jina, anangoja, halafu anaendelea. Mimi nikawa namjibia, "Yupo." Majina mengi sana. Kila nikisema "yupo" anapumua kidogo vizuri. Kwa jina moja nilichelewa kujibu, akakunja uso, akasema, "Huyu naye utoro tu."

Majibu yalitoka mchana: homa ya mafua, na mapafu yameshaingiliwa na nimonia. Hospitali ikapiga simu kwetu. Jioni ileile daktari wa nyumba ya wazee alikuja, akawapima wote watano waliobaki. Kitanda cha kwanza na cha tano walikuwa nayo. Wote wawili hawakuwa na joto la ile karatasi ya ukutani. Wakaanzishiwa dawa siku hiyo, na wote wawili wakapona. Yule wa tano anaongea mpaka leo.

Mwalimu alikufa Jumamosi saa nne asubuhi.

Baada ya mazishi Sista aliniita ofisini. Alikuwa mpole, akanivutia kiti, kitu ambacho hakuwahi kukifanya. Karatasi moja, wino wa muhuri umefunguliwa. "Ni ya kuthibitisha kwamba Jumatano ulikuwa zamu, mama. Makao makuu wanaitaka."

"Hayo tu?"

"Hayo tu."

Nilikuwa zamu Jumatano. Nikabonyeza. Akanipa karatasi laini nifute kidole, mpaka leo nakumbuka alivyonipa ile karatasi laini.

Wiki ya tatu nikapokea barua ya kuachishwa. Nikaipeleka jikoni. Mpishi akafuta mikono, akaisoma, akairudia kimoyomoyo, kisha akaniuliza kama nilijua nilichotia kidole. Ilisema kwa mujibu wa maelezo yangu mwenyewe niliyoyakiri, niliona mabadiliko ya mgonjwa siku ya Jumatano na sikutoa taarifa kwa mtu yeyote, na kwamba kwangu kulikuwa na watoto wenye mafua. Watoto! Wangu wana ndevu na ndoa.

Nilirudi ofisini. Mlinzi, ambaye nilimpa chai miaka kumi na saba, alisimama mlangoni akaniomba nisimharibie kazi. Wale wahudumu wawili wa mashuka niliwafuata mmoja mmoja makwao. Mmoja alisema hakumbuki. Wa pili alisema, "Dada, nina watoto," akanifungia mlango polepole ili usijibamize. Nilimtafuta Bi Mkubwa; alikuwa amehamia kwa bintiye, mbali, na simu haikupokelewa.

Akabaki fundi, mtoto wa Mwalimu.

Kibanda chake kiko kwenye kona, cherehani mbili, moja haifanyi kazi, imewekwa vitambaa. Nilimkuta anashona sare za shule, kumekaa mteja mmoja, mama wa makamo anayengoja gauni lipunguzwe. Nikasema ningependa kuongea faraghani. Fundi akasema hapa hakuna faragha, dada, labda tuingie chini ya meza. Hakucheka. Alikuwa ananijua, na uso wake ulikuwa umejifunga.

"Nina nakala," akasema. "Waliniletea. Nimekusoma."

"Umemsoma Sista. Mimi sijui kuandika."

Mguu wake ukaendelea kukanyaga cherehani. Nikamweleza yote, kama nilivyoyaeleza hapa, nusu ya marudio, sakafuni, vibanio vitatu, nimekusikia, koti. Nilipofika kwenye mahudhurio, mguu ukasimama.

"Alikuwa anaita majina gani?"

Nikamtajia yale niliyoyashika. Fundi akaweka mkono machoni. "Hilo darasa nilikuwemo," akasema. "Alinifundisha mwenyewe. Jina langu aliliita?"

"Aliliita. Nikamwambia yupo."

Kisha akauliza, bila ukali, "Jumatano ulijua?"

"Nilijua."

"Na jioni ukaenda nyumbani."

"Nilikwenda. Nilikuwa nimekasirika. Hilo ni langu, fundi, nalibeba. Lakini siyo hilo waliloliandika."

"Ungenipigia simu tu. Ningefunga kibanda, ningemchukua nikamkimbiza."

"Namba yako ilikuwa kwenye faili. Faili lilikuwa ofisini."

Yule mteja alikuwa ameacha kujipepea. Akanivuta kanga. "Samahani, dada, nimesikia bila kualikwa. Hebu rudia. Hana homa, lakini ameacha chai?"

"Nani wako?"

"Baba. Jana alijikojolea, hajawahi. Leo ananiita mjomba. Nimempima mwenyewe, hana joto. Mdogo wangu anasema kala chumvi nyingi, ndiyo mambo yake hayo. Nyumbani mtoto ana mafua tangu juzi."

Nikamwambia asimame. Nikamwambia ampeleke sasa hivi, siyo baada ya gauni, na akifika aseme maneno matatu tu: kabadilika jana, nyumbani kuna mafua, ana umri huu. Akiulizwa kuhusu joto, aseme hana, lakini kwa mzee hiyo siyo dalili ya uzima. Amwinue kwa mito, ampe maji kwa kijiko, huyo mtoto akae chumba kingine. Alikuwa ameshashika mkoba. Gauni lilibaki mezani, upindo mmoja umefumuliwa, pini zinaning'inia. Hakuaga.

Fundi alimtazama mpaka akapotea kwenye kona.

"Nakuamini," akasema.

Nilikuwa nimeingoja miezi miwili hiyo kauli. Nikaketi kwenye kiti cha yule mama. "Basi andika," nikamwambia. "Una kalamu hapo sikioni. Andika kwamba mhudumu wa mama yako alisema Jumatano asubuhi, akasikiwa, na aliyesikia ni fulani. Tia jina lako. Nitaipeleka mwenyewe."

Akaishusha kalamu kutoka sikioni, akaiangalia. Kisha akafungua droo, akaisukuma ndani chini ya vifungo.

"Walikuja na karatasi mbili, dada. Moja yako, moja yangu. Yangu inasema nimeridhika na maelezo, sina malalamiko. Nilitia saini. Mama alikuwa ameshazikwa, nilikuwa nataka waondoke."

"Uliisoma?"

"Niliisoma."

"Basi wewe ulijua unachotia saini."

Akachukua tepe ya kupimia shingoni, akasimama, akaja upande wangu, na sauti ikawa ile ya wateja. "Simama nikupime. Nitakushonea gauni zuri, la heshima. Mama alikuwa anakupenda."

Tepe ilikuwa imeshagusa bega langu. Nikaitoa, nikaiweka juu ya sare za shule.

"Sikuja kupimwa," nikasema.

"Nipe muda, basi. Shule zikifungua, kazi ikipungua, nitaandika."

Shule zilifungua. Zikafunga, zikafungua tena. Huwa napita pale nikienda sokoni, siyo kwa kumvizia, ndiyo njia. Akiniona anainama chini ya meza kutafuta sindano.